Sauti Yangu Katika Kaseti ya Maundu

Maundu Masila huchomelea mageti nyuma ya soko la Machakos. Ana miaka arobaini na sita, mikono yenye madoa ya cheche, na maneno machache. Wateja wake wengi wanatoka Syokimau; hutaka mageti marefu wasionane na majirani. Hivyo ndivyo watu wanavyoishi sasa. Lakini hayo nimeyasema sana, na leo sina haki ya kuyasema.

Mwaka 1999, kule Ndithini, Maundu na vijana wenzake wawili walianzisha bendi ya kumwimbia Mungu. Haikuwa kwaya. Magitaa yalikwaruza kama msumeno kwenye bati, na Maundu alinguruma kama fahali aliyefungiwa zizini. Waliuita muziki huo deth meto, yaani ile "death metal" ya Wazungu, na maneno yote waliyatoa katika Ufunuo. Ngoma za kisasa hawakuwa nazo. Basi nyanya yake Maundu, Kalunde, akaitoa ghalani ngoma yake ya kilumi, ile ambayo mama zetu walipiga kuomba mvua. Alikuwa ameificha tangu abatizwe. Akasema ataipiga mwenyewe, sasa kwa ajili ya Yesu.

Walirekodi Jumamosi mchana, redio kaseti ikiwa juu ya benchi la kanisa. Mimi nilikuwa mzee wa kanisa. Shule niliachia darasa la nne, mengine nikajisomea, nikajiona nimeelewa kila kitu. Niliingia nikawafokea. Kisha nikaamuru mlinzi aipasue ngoma kwa shoka. Kuni zake zilichemsha chai ya mkutano wa akina mama, nami nikanywa vikombe viwili. Kalunde alikunja leso yake akaenda nyumbani. Hakupiga ngoma tena hadi alipofariki, wala hakumfundisha mtu mdundo wake.

Tangu hapo, kila tunapopeleka mbuzi wa ntheo, wale wa kuposea, kwa wakwe, mimi husimama nikawalaumu vijana kwamba wameua kilumi. Watu hunipigia makofi.

Mwezi uliopita Maundu alinitembelea na overoli yake ya kazi, mkononi simu na karatasi. Kampuni ndogo ya Uswidi iliipata kaseti ile ya majaribio na inataka kuitoa upya kwa santuri. Aliniwekea niisikilize. Yakaja magitaa, ikaja ngurumo yake, na chini yake, bila haraka, mikono ya Kalunde. Sikuwa nimeusikia mdundo ule kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano. Nilianza kutikisa kichwa kuufuata. Halafu mwanamume akafoka kwamba watoe uchafu huo nyumbani mwa Bwana, na ngoma ikanyamaza.

"Wazungu wanauliza huyo ni nani," Maundu alisema. "Wanasema ananguruma kunishinda."

Alicheka kidogo. Mimi sikuweza. Akanieleza kwamba kila anayesikika lazima aandikwe jina na atie sahihi; nisipotaka, watanikata. Nikauliza watakata wapi. Alirudisha nyuma nikasikia vizuri: kelele zangu zimelala juu ya ngoma. Kuniondoa mimi ni kuondoa sehemu ya mwisho aliyopiga Kalunde.

"Ukikubali, hata wale wa ntheo watakusikia," alisema. "Ni wewe useme, mzee."

Nilitamani kusema kata. Nilifikiria yale makofi. Mwishowe nikamuuliza kama anajua nani aliyeamuru ngoma ipasuliwe.

"Ni mimi nilipeleka hizo kuni jikoni," alijibu. "Wewe ndiye ulinituma."

Nilikuwa nimesahau. Jambo kama hilo, nililisahau.

Nikamwambia wasikate kitu, nikavaa miwani, nikaijaza karatasi. Jina: Bartholomew Mwanzia. Palipoulizwa kazi yangu katika rekodi hiyo, Maundu alisema niandike tu "sauti". Niliandika: "Nilimnyamazisha Kalunde, mpiga kilumi wa Ndithini."

Maundu aliisoma polepole, kidole chake cheusi kikifuata maneno. Alipofika chini alinirudishia karatasi, akaniambia nitie sahihi upya, kwa kuwa ile ya kwanza haikufanana na ya kitambulisho.