Nilivyofundwa Mkekani Utange

Siku yangu ya kwanza kazini, Sista Mkuu wa zahanati kule Likoni alinikabidhi mfuko wa sodo, zile pedi za wasichana, na onyo moja. "Binti, kila kitu kiite kwa jina lake. Ukificha jina, watoto watadhani ni jini." Nilikuwa muuguzi mpya, mzaliwa wa Machakos, nimejaa vitabu na Kiswahili cha bara. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka shuleni kuwafundisha wasichana habari za balehe: hedhi, yaani damu ya kila mwezi, kujisitiri, na mimba inavyoingia.

Nilihamishiwa Chaani, kisha Utange. Huko Mwalimu Mkuu, mtu mpole aliyewaogopa wazazi kupita kiasi, aliniruhusu kwa sharti. "Fundisha yote, Sista. Ila neno hedhi usilitaje. Sema usafi." Nikafundisha usafi. Mwishowe msichana mmoja akauliza kama usafi ukichelewa ni dalili ya mimba.

Darasani alikuwemo Mwanaisha, hodari wa hesabu, ambaye kila mwezi alitoweka siku kadhaa. Nyanya yake, Bi Rukia, alikuwa somo wa mtaa, yaani mama anayemfunda msichana akishavunja ungo. Kwake mwari aliye mwezini hatoki nje. Mtihani wa mwisho ulikuwa unakaribia, nao ungeangukia siku zizo hizo. Asipoufanya, shule kwake basi.

Nilimwendea Bi Rukia, nikamwamkia, nikajitambulisha kuwa mke na mama, nikamweleza habari ya mtihani. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Na wewe, somo yako nani?"

"Sina, Bi."

"Una mume na watoto, na hukufundwa? Na ndiwe utakaye kufunda wana wa watu?"

Angemtoa Mwanaisha siku ya mtihani, alisema, lakini kwanza nifundwe mimi. Niliona aibu, na hasira pia, ila mtoto alikuwa na mtihani. Basi mimi, mwenye cheti cha serikali, nikaketishwa mkekani, nikafunikwa leso gubigubi, nikaamriwa kuinamisha uso na kujibu abee. Aliposema mwenye hedhi asile ndimu wala asioge, nikainua kichwa kumsahihisha. Nikafinywa paja. "Mwari hajibizani."

Siku ya pili, nikiwa chini ya leso, nilimwuliza kwa adabu kama yeye ujanani alikuwa haogi.

"Nalikioga," akasema. "Kwa siri. Mamangu hata hajui."

Tulicheka mpaka leso ikaniponyoka. Jioni ile ndipo nilipompenda, na ndipo yeye alipokubali sodo zangu.

Asubuhi ya mtihani damu ilikuja kama tulivyohofia. Mwanaisha naye alikuja, amejisitiri, na nyuma yake Bi Rukia, akaketi langoni na mfuko mweusi mapajani. Mwalimu Mkuu alimsogelea, akamwuliza kwa heshima amebeba nini.

"Sodo, Mwalimu," alijibu kwa sauti iliyofika barabarani. "Mjukuu wangu ana hedhi. Wataka nikutolee moja uione?"

Mwalimu Mkuu akakumbuka kwamba ana kazi ofisini. Bi Rukia hakubanduka pale mpaka kengele ya mwisho.

Sasa nimestaafu. Wasichana huniambia kwamba siku hizi simu inawafundisha yote, tena kwa picha. Siwabishii, simu inajua mengi kunishinda. Huwauliza tu: siku ya mtihani, nani atawakalia langoni?