Shamba Moja, Kura Moja

Siku nilipokwenda kujitambulisha kwa wazazi wa mke wangu, baba mkwe aliniuliza nafanya kazi gani. Nikasema mimi ni mfanyabiashara. Akauliza biashara ya nini. Nikamtajia ndoo, mabeseni na mazulia, nikaongeza kwamba ikifika Desemba nauza pia miti ya Krismasi. Uso wake ukachanua, akamgeukia mkewe. "Umesikia? Kijana anauza miti." Mama mkwe akaweka kikombe chini. Aliniangalia viatu, akaniangalia mikono, kisha akauliza taratibu, "Ya plastiki?"

Ningeweza kudanganya, lakini duka langu lina vioo vya mbele na mji wenyewe ni mdogo. Nikasema ndiyo. Chai ilipoa pale mezani, na mke wangu mtarajiwa akaanza kuhesabu maua ya kitambaa cha meza.

Ili uelewe kosa langu, lazima ujue kwamba wale wazee wanaishi kwa misonobari. Nyuma ya nyumba yao kuna mteremko mrefu uliopandwa miti mistari kwa mistari, na kila Desemba huikata na kuiuza mibichi, ikinukia utomvu, kando ya barabara. Mtu wa plastiki kuposa katika nyumba ile ni sawa na muuza pombe kuposa kwa mchungaji. Nilipewa binti kwa sababu binti alikuwa ameshaamua, na kwa sababu mama mkwe mwenyewe alikata shauri kwa kusema kwamba mtu huolewa na mtu, haolewi na duka. Tangu siku hiyo huniita Bwana Plastiki, na mimi huitika.

Yeye wateja humwita Mama Miti. Ni mfupi, mwepesi wa miguu, na ana ulimi usiojua likizo. Ukitaka kununua mti kwake, jiandae kuhojiwa. Dari ya sebule yako iko juu kiasi gani? Umepima au umekisia? Aliyekisia hurudishwa nyumbani akapime, hata awe amekuja na gari la kifahari na watoto wanalia ndani. Baba mkwe hushika kichwa kila mara. "Mke wangu, mteja akiondoka amekwenda." Naye hujibu, "Atarudi. Asiporudi, hakuwa na dari."

Ninachokipenda zaidi kwao ni namna wanavyofanya kazi. Msonobari hauoti wenyewe katika lile umbo la Krismasi, mwembamba kileleni na mpana chini. Ukiuacha hivi hivi unatawanyika kama nywele za aliyeamka sasa hivi. Kwa hiyo kila mwaka, miezi kadhaa kabla ya msimu, lazima upunguzwe kwa mikasi mirefu. Wazee hawa hupunguza wakiwa wawili, mmoja upande huu wa mstari, mwingine upande ule, wakisogea pamoja mti kwa mti huku wakibishana habari za redio. Wakifika mwisho wa mstari hubadilishana pande na kurudi. Hivyo kila mti hupita mikononi mwa wote wawili, mbele na nyuma. Wanunuzi wakisifia umbo, baba mkwe hunyanyua mkono wa kulia na kusema, "Mkono huu hapa." Mama mkwe hucheka tu.

Basi, mwaka mmoja serikali ikaleta ada. Kila mti mbichi utakaouzwa, mkulima atatoa kiasi kidogo, na fedha hizo zitalipia matangazo ya redioni na mabango barabarani ya kuwashawishi watu waache plastiki warudie miti mibichi. Haikuwa imepitishwa bado. Wakulima wenyewe wangekutana ukumbini na kuamua, na kila shamba lingekuwa na kura moja.

Habari hiyo ilifika mezani kwao siku tulipokwenda kula mchana. Mama mkwe aliunga mkono kabla hajamaliza kunawa. "Biashara matangazo," alisema. "Kila mwaka wateja wanapungua. Watu wamesahau hata mti unanukiaje."

Baba mkwe akaweka kijiko chini. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mti wangu unataka tangazo la nini? Nipande mimi, nipalilie mimi, nikate mimi, halafu nimlipe mtu akawaambie watu kwamba mti ni mti?"

"Ni ada ndogo tu."

"Kodi ni kodi. Hata ukiipa jina la mwanao, itakuja kukudai."

Mimi nilikuwa nimekaa katikati yao. Ndimi adui niliyekuwa nikitangaziwa vita, na bado nilikuwa naongezewa mchuzi. Niliinamia sahani kama mtu anayetafuta sindano. Mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza nisije nikatoa maoni, jambo ambalo sikuwa na nia nalo kabisa.

Mambo yangeishia hapo, kwa maana wale wawili wamebishana tangu ujana wao bila kudhuriana. Lakini mama mkwe akauliza, "Na kura ya shamba hili atapiga nani?"

"Mwenye shamba," baba mkwe akasema.

"Ambaye ni nani?"

Baba mkwe akatazama huku na huku, kana kwamba swali limeulizwa na mtu mwingine. "Si mimi?"

Mama mkwe akainuka. Alikusanya sahani, yangu ikiwa na chakula bado, akaenda jikoni.

Mke wangu alinieleza njiani, na hapo ndipo nilipoelewa. Ni kweli ule mteremko baba mkwe aliurithi kwa babake, ila aliurithi ukiwa mawe na magugu. Wakati huo alikuwa dereva wa lori, anafika nyumbani mara moja moja na kulala siku mbili. Aliyeotesha miche katika makopo ya maziwa, akachimba mashimo na kubeba maji kupanda ule mteremko huku mtoto yuko mgongoni, ni mama mkwe. Mtoto mwenyewe ndiye mke wangu. Watu walimcheka kwamba anapanda kuni. Baba mkwe aliacha lori miti ikiwa imeshamzidi kimo, na mkasi alifundishwa kuushika na mkewe. Haya yote walioyajua waliyajua, ila hayakuwahi kusemwa kwa sauti, na baba mkwe ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote.

Wakanuniana. Si kununiana kwa watoto, kwa kelele na milango. Kulikuwa kununiana kwa watu wazima wenye adabu, chai inawekwa, asante inasemwa, na baada ya hapo hakuna neno. Mke wangu alipiga simu kila jioni. Babake alisema mama yako hajambo, mama yake alisema baba yako yuko, na simu ikaisha. Lakini ulikuwa msimu wa kupunguza miti na miti haisubiri suluhu, kwa hiyo walishika mikasi kila asubuhi na kwenda shambani kama kawaida.

Baada ya majuma kadhaa mke wangu akanituma nikawaone. Nilipanda mteremko kutokea upande wa nyumba, na miti niliyoiona ilikuwa mizuri, imejaa, kila tawi mahali pake. Nikasema moyoni, angalau kazi haikuharibika. Nikafika mwisho wa mstari, nikazunguka ili nishukie upande wa pili, na hapo nikasimama.

Upande huo miti ilikuwa imenyolewa. Sijui niseme vipi. Ilikuwa myembamba, imekatwa hadi shina likaonekana, na mahali pengine kulikuwa na mashimo ambamo paka angeweza kulala. Nikarudi upande wa kwanza, nikaona miti ya harusini. Nikaenda wa pili, nikaona kichwa kilichopitiwa na wembe butu. Mstari mzima ulikuwa hivyo, na uliofuata, na uliofuata huo. Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Hapa iliumia misonobari.

Nikacheka. Najua haikuwa heshima, lakini nilicheka hadi nikashika shina nisianguke. Mama mkwe akatokea na mkasi wake, na baba mkwe na wake, kila mmoja kutoka upande wake.

"Bwana Plastiki, umepatwa na nini?" mama mkwe akauliza.

"Mama, nyinyi siku hizi hambadilishani pande?"

Hawakuwa wakibadilishana. Ili wasipishane mwisho wa mstari na kulazimika kutazamana, kila mmoja alikuwa akifika mwisho na kurudi upande wake uleule. Majuma yote yale hakuna aliyekuwa ameinua macho kutazama upande wa mwenzake.

Baba mkwe akazunguka. Alitembea upande wa mkewe kuanzia mti wa kwanza hadi wa mwisho, pole pole, mikono nyuma. Mama mkwe naye akapita upande wa mumewe, akitikisa kichwa. Wakakutana mwisho wa mstari.

"Haya umeyafanya kwa hasira?" mama mkwe akauliza. Lilikuwa neno lao la kwanza la maana tangu siku ile mezani.

"Hasira gani? Ndivyo ninavyokata siku zote."

"Najua."

"Unajua nini? Siku zote miti hutoka vizuri."

"Kwa sababu siku zote tukirudi mimi ndiye ninayepita upande uliokata wewe. Na nikikuona unaelekea kukata sana, nakusimulia jambo ili upunguze mwendo, halafu tukigeuka narekebisha."

Baba mkwe aliangalia mkono wake wa kulia, ule wa kuonyesha wanunuzi. "Miaka yote?"

"Ulidhani mti unajirekebisha wenyewe?"

Akanigeukia mimi. "Na wewe ulilijua hili?"

"Baba, yangu inakuja kwenye boksi imeshakatwa," nikasema.

Hakucheka. Nilipendekeza kwamba miti yenye upande mwembamba ingewafaa watu wa sebule ndogo, wangeibana ukutani. Mama mkwe akaniambia nikae kimya, kisha akaniambia tena, na mara ya pili nilielewa kwamba wazo limekubaliwa. Baba mkwe alikuwa ameshakwenda. Alikuwa amekaa kwenye jiwe katikati ya miti aliyoinyoa, na sikumsumbua.

Siku ya mkutano niliwapeleka kwa gari langu, ambalo ubavuni limeandikwa jina la duka. Njia nzima hakuna aliyezungumzia kura. Mlangoni mwa ukumbi alikaa karani, msichana mwenye miwani, akiwapanga watu: wenye kura viti vya mbele, waliosindikiza nyuma. Akauliza shamba, akatajiwa. Akauliza, "Nani anapiga kura?"

Nilimwona mama mkwe akikaza mkoba wake kifuani. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, na nadhani alikuwa amejiandaa kusikia jibu na kwenda kukaa nyuma bila kuonyesha chochote.

"Huyu," baba mkwe akasema.

"Na wewe mzee ni nani?"

"Mimi ni mume wa mwenye shamba."

Karani aliandika. Mama mkwe alimtazama mumewe, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, ulimi ule ulikosa la kusema. Akaenda mbele.

Msidhani mzee alikuwa amebadili msimamo. Kusema kuliruhusiwa hata kwa wa nyuma, na yeye alisema. Alisema kwamba serikali ikishaonja mti itataka na kivuli chake. Alisema kizuri chajiuza, akarudia, akapigiwa makofi. Mzee mwingine akauliza kama mti ukifa kabla ya kuuzwa ada itarudishwa na nani. Mwenyekiti akajibu kwamba mti usiouzwa haulipiwi, na mzee akauliza tena swali lilelile kwa sauti kubwa zaidi.

Kisha mama mkwe akasimama, ulimi ukiwa umerudi. "Pale nyuma amekaa mkwe wangu," alisema. "Anauza miti ya plastiki. Muulizeni kwa nini kila Desemba redio inamtaja yeye na haitutaji sisi." Ukumbi mzima ukanigeukia. Nilijaribu kufanana na kiti.

Mwenyekiti akaita kura. Wanaounga mkono wanyooshe mikono. Karani akashuka kati ya viti akihesabu kwa kalamu. Mama mkwe alikuwa amekaa nyuma ya bwana mmoja mpana wa mabega, na yeye, aliyezoea kuwapigia kelele wateja barabara nzima, mkono wake aliuinua kidogo tu, hadi usawa wa sikio, kama mtu asiye na hakika kwamba ameitwa. Kalamu ikampita, karani akasogea mstari mwingine.

Baba mkwe akasimama. Nilishika koti lake nikidhani anakwenda kuanza upya habari za kivuli.

"Binti," akasema. "Umeruka mkono. Wa mwenye shamba, pale mstari wa tatu, nyuma ya huyo bwana. Rudi uuhesabu." Halafu akamwambia mkewe, kwa sauti ileile, mbele ya watu wote, "Nyoosha juu, mke wangu. Ni wako."

Mama mkwe akanyoosha mkono mpaka bega likapanda. Karani akarudi, akauelekezea kalamu, akaandika. Baba mkwe hakukaa mpaka alipoona imeandikwa. Ndipo akaketi kando yangu, akafuta macho kwa kiganja, akatazama msitu wa mikono iliyokuwa juu.

"Kodi tutalipa," akaninong'oneza. "Lakini wamemhesabu."