Wiki Saba Ulaya na Kikundi cha Ngoma

Mwanangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi saba nilipojipaka shubiri kwenye matiti ili aache kunyonya. Alionja, akatema, akanitazama kwa muda mrefu bila kulia. Siku ya tatu hakuja tena. Siku ya tisa nilipanda ndege kwenda Bulgaria.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mume alikuwa ameniacha, na nilikuwa nimerudi kuishi na mama yangu kwenye nyumba yetu ya udongo kati ya Mlandizi na Kwala. Jirani wa karibu ulimfikia ukiwa umeshatoka jasho. Tulikuwa na mikorosho aliyoiacha marehemu baba, shamba la muhogo na minazi michache. Mimi nilijulikana kwa sauti. Mwali akitolewa ndani, kuanzia kwetu mpaka Kisarawe, watu walikuja kuniita nikaimbishe mdundiko, ile ngoma inayopigwa huku watu wanatembea njiani na kila nyumba inayopitiwa inatoa mtu wa kuongezeka.

Hapo ndipo afisa utamaduni aliponisikia. Zamani alikuwa mwalimu wa shule, mtu mpole, anayeandika kila kitu kwenye daftari. Alikuwa akichagua watu kumi na wanne wa kwenda kucheza ngoma zetu nje ya nchi, na yeye ndiye angekuwa kiongozi wa msafara. Aliposema jina langu pale ofisini Kisarawe sikufurahi mara moja. Nilimfikiria mtoto.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho huku anapepeta mchele.

"Muda gani?" akauliza.

"Wiki saba."

"Watakulisheni nguruwe?"

"Wamesema hapana."

Akaendelea kupepeta. Kisha akasema, "Nenda. Mtoto ananijua."

Maziwa yalikuwa hayajakauka. Ndani ya ndege matiti yaliniuma hadi nikashindwa kuegemea kiti. Katika kikundi chetu kulikuwa na mama mmoja wa Kisarawe, kiongozi wa waimbaji wanawake, ambaye sote tulimwita shangazi ingawa hakuwa na undugu na yeyote kati yetu. Aliniona nilivyokaa, akaelewa. Tulipofika hotelini alichana kanga yake kuukuu, akanifunga kifuani, akakaza kwa goti.

"Shangazi, unaniumiza."

"Najua. Usiyakamue sana, yatazidi kuja."

Sikumtii. Nilikuwa najifungia bafuni, nafungulia bomba lisikike, nayakamulia maziwa kwenye sinki jeupe lililong'aa kuliko sahani yoyote ya kwetu. Yalikuwa yanateremka na maji na mimi nalia. Hiyo ilikuwa wiki ya kwanza.

Wiki ya pili maziwa yalikauka, na kitu kingine kikaanza ambacho sikukitegemea. Nilianza kufurahi.

Kuimba jukwaani hakukunipa furaha kubwa. Taa zilikuwa kali, watu wamekaa kimya kwenye viti kama wako msikitini, wanapiga makofi mwishoni tu. Kwetu mdundiko ukiimba peke yako umeshindwa. Furaha ilikuwa njiani. Kila baada ya siku mbili au tatu tulipanda basi kwenda mji mwingine, na safari hizo zilikuwa zetu wenyewe. Basi lilikuwa na viti vya kitambaa. Dereva alikuwa mzee mwenye masharubu, hajui neno hata moja letu, lakini alijifunza kutikisa kichwa kwa mapigo ya ngoma, na wapigaji wetu walikuwa wanamjaribu kwa kubadilisha mdundo ghafla ili waone atafanya nini. Mkalimani wetu alikuwa binti aliyesoma Kiswahili chuoni. Alikuwa anatuuliza kila asubuhi, "Je, mmeamka salama salimini?" Shangazi alimjibu kila siku kwa heshima zote, kisha akageuka upande wetu kuficha kicheko.

Tulipita mashamba ya alizeti yaliyokwisha kauka, vichwa vimeinama vyote upande mmoja. Tulipita vijiji ambavyo wanawake walikuwa nje wanachoma pilipili hoho nyekundu juu ya mabati, na harufu ile ikaingia ndani ya basi, dereva akasimama bila kuombwa. Wakatupa pilipili na mkate. Mwanamke mmoja mwenye kitambaa cheusi kichwani aliishika ngoma yetu kubwa, akaipiga kofi moja, akasikiliza, kisha akaanza kuimba kwa sauti kali ya kooni iliyonisimamisha nywele. Nikamwitikia. Hatukujua maneno ya kila mmoja, ila alipopandisha nilipandisha, aliposhusha nilishusha. Tulimaliza tukacheka tukiwa tumeshikana mikono. Tulipoondoka alikimbia pembeni mwa basi akinipitishia zabibu dirishani.

Siku nyingine tulipanda mlima na ukungu ukaingia barabarani, hatukuona hata miti. Basi likasimama karibu na chemchemi iliyojengewa mawe. Tukanawa uso kwa maji baridi mpaka meno yakauma, tukaanza kumwagiana maji kama watoto, hata kiongozi na daftari lake akalowa. Nilicheka nikakaa chini. Hapo chini, kwenye majani yenye umande, nikagundua kwamba tangu asubuhi sikuwa nimemkumbuka mwanangu hata mara moja.

Nilimwambia shangazi. Akaniambia, "Mtoto ana bibi yake. Kunywa maji." Nikanywa. Lakini kuanzia siku ile nilikuwa na wasiwasi na furaha yangu. Kila nilipocheka sana nilijikagua.

Katika nyimbo zetu kulikuwa na moja aliyoitunga kiongozi wetu mwenyewe, ya vijiji vya ujamaa. Ilieleza jinsi watu walivyokuwa wametawanyika porini kila mmoja na lake, wakaamua kukusanyika mahali pamoja wapate maji, shule na zahanati. Niliianzisha mimi kwa sababu sehemu ya juu ilinifaa. Mkalimani alieleza maana yake kabla hatujaanza, na watu waliipigia makofi kuliko zote. Niliiimba kwa moyo. Niseme ukweli, niliyaamini maneno yake, na mengine nayaamini hata leo. Zahanati tuliitaka. Dada yangu mkubwa alifia njiani akipelekwa kujifungua.

Wiki ya nne tulirudi mji mkuu, na kiongozi akaenda ubalozini. Alirudi na magazeti ya nyumbani na bahasha kadhaa. Yangu haikuwepo, wala sikuitarajia, mama hakujua kuandika. Ila kuanzia siku ile kiongozi hakunitazama usoni. Kwenye basi, yeye aliyezoea kukaa mbele yetu na kutueleza habari za kila mji alihamia karibu na dereva. Magazeti hayakusomwa na mtu mwingine. Siku moja akaniletea pakiti ya biskuti, akasema, "Za mtoto." Nikaona ni wema wake tu.

Tuliimba ule wimbo mara tisa zaidi.

Tulirudi wakati korosho zinakomaa. Niliteremka Mlandizi mchana, na sanduku kichwani, nikashika njia ya kwetu. Nilikuwa nimenunua kofia ya sufu ya mtoto, nyekundu, isiyo na kazi yoyote kwa joto la kwetu. Njiani sikukutana na mtu. Nyumba ya kwanza niliyoipita haikuwa na paa. Nikadhani imeungua. Ya pili pia. Nikaanza kwenda mbio.

Kwetu makuti yalikuwa yameteremshwa na kutupwa uani. Kuta zilikuwa zimesimama, mlango hakuna. Ndani, jua lilikuwa linapiga mahali kilipokuwa kitanda changu. Jikoni mafiga matatu yalikuwa pale pale na majivu yake. Korosho zilikuwa zimedondoka chini ya miti yetu, hakuna aliyeziokota. Niliita mama. Nikamwita mwanangu kwa jina, kana kwamba anaweza kuwa amejificha.

Mwanamume mmoja alitokea upande wa shamba akiwa na gunia. Nilimfahamu, alikuwa jirani yetu, mtu wa makamo.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyekwenda Ulaya?"

"Ndiyo. Mama yuko wapi?"

"Tumehamishwa sote. Yuko kijiji kipya, upande wa Janga. Mimi nimekuja kuiba korosho zangu mwenyewe."

"Mzima?"

"Mzima. Mtoto naye mzima. Lakini mama yako alitutia aibu wanaume. Lori la serikali lilipokuja aligoma kutoka mpaka aung'oe mlango. Walimsubiri. Akaung'oa, akaupandisha na mtoto mgongoni."

Akanibebea sanduku mpaka njia panda, kisha nikaendelea peke yangu.

Kijiji kipya kilikuwa kimepimwa kwa kamba. Vibanda vilijipanga mistari miwili, vingine vimekandikwa, vingine bado ni fito tupu, na hapakuwa na mti wa kukaa. Sikuhitaji kuuliza. Niliuona mlango wetu kutoka mbali, wa rangi ya buluu, umeegeshwa kwenye kibanda ambacho hakikuwa hata na kuta kamili. Mbele yake mtoto alikuwa amekaa chini anachezea kifuu cha nazi. Alikuwa amekonda na amerefuka.

Nikaweka sanduku chini. Mama akatoka, akaniona, akasimama.

"Mama," mtoto akaita.

Nikaitika. Nilichuchumaa nikafungua mikono. Mtoto alinipita mbio, akashika miguu ya mama yangu, akaficha uso kwenye kanga yake.

"Mama," akarudia, anamwambia yeye.

Mama alinipa maji nikanawa, akanipakulia nikala. Kisha akanieleza akiwa ametazama pembeni, kama mtu anayekiri kosa.

"Alilia tangu kwenye lori. Alilia siku mbili mpaka nikaona roho itamtoka. Vumbi, watu, kelele, na wewe haupo. Nikampa ziwa langu. Halina kitu, miaka ishirini halina kitu. Lakini alinyamaza. Nisamehe."

Sikujua ni nani wa kumsamehe nani. Kofia nyekundu nilimvika mtoto siku ya pili, akaivua na kuitupa.

Juma lilelile nilikwenda Kisarawe. Kiongozi alikuwa ofisini kwake, daftari mezani. Aliponiona alisimama akanipa kiti. Sikukaa.

"Ulijua?" nikamwuliza.

"Nilijua. Niliandikiwa barua."

"Tangu lini?"

"Tangu tuliporudi mji mkuu."

"Na ukaniacha niimbe ule wimbo."

Alilifunga daftari. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Ningekuambia, ungefanya nini? Ndege ya kukurudisha ilikuwa haipo. Ungelia wiki tatu badala ya kuimba. Nilifikiri nakuhurumia."

"Na wengine? Shangazi?"

"Na wengine pia. Wote ambao jamaa zao walihamishwa."

Nilitaka kumtukana. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Lakini nilipomtazama niliona mtu ambaye hakupata usingizi mzuri kwa muda, na jambo baya zaidi, niliona kwamba alikuwa amesema kweli kwa sehemu. Wiki zile tatu za mwisho nilizipata kwa sababu alininyima habari. Bahari tuliyoifikia mwishoni, mji wa zamani wenye ngazi, matofaa tuliyochuma tukiwa juu ya mabega ya wapigaji ngoma, vyote vilikuwa ndani ya wiki zile. Nikatoka bila kuaga.

Mwaka uliofuata jina langu lilisomwa tena, safari hii ya nchi nyingine. Shangazi alikuja mwenyewe mpaka kijijini kunibembeleza. Mama akasema tena niende. Wakati huo kibanda kilikuwa kimekuwa nyumba, zahanati imeanza kujengwa, na mtoto alikuwa amezoea kulala karibu yangu ingawa aliniita dada, kama alivyosikia watoto wa jirani wakiita dada zao. Nilikataa. Nilisema naumwa kifua. Basi lililowabeba kwenda uwanja wa ndege lilipita Mlandizi na mimi nilikuwa nimekwenda kuuza muhogo, nikalisikia kabla ya kuliona, kwa sababu walikuwa wanaimba. Mtu mwingine alikuwa anaanzisha sehemu yangu. Aliianzisha juu mno.

Nilijuta kutokwenda, kama nilivyojuta kwenda. Watu wakiniuliza nawaambia nilibaki kwa ajili ya mtoto, na inaeleweka, wananisifu. Sijawahi kuwaeleza kwamba miezi ile mwanangu hakunihitaji hata kidogo.

Aliniita dada mpaka alipoandikishwa shule, mwalimu alipomwuliza jina la mama yake akataja la bibi. Jioni ile mama yangu alimkalisha akamweleza. Mtoto alisikiliza, akanitazama, akasema, "Haya," kisha akaomba ruhusa ya kwenda kucheza. Kesho yake aliniita mama kwa sauti ya mtu anayejifunza neno, na mpaka leo, akiwa na watoto wake mwenyewe, kuna siku nasikia anavyolitamka kwa uangalifu.

Mama aliniuliza habari za safari mara moja tu. Tulikuwa tunapalilia, mimi mstari wangu na yeye wake.

"Huko kulikuwaje?" akasema, bila kuinua jembe.

Ningeweza kumwambia habari za chemchemi na ukungu, na yule mwanamke aliyekimbia na zabibu. Alikuwa anataka kusikia, nilijua kwa jinsi alivyopunguza kasi.

"Baridi tu, mama," nikamwambia.

Akaguna. Tukaendelea kupalilia mpaka tukafika mwisho wa shamba.