Nyumba Isiyo na Pua

Kwetu Umaasai nyumba ni kazi ya mwanamke. Nimejenga kadhaa kwa mikono yangu, fito, udongo na mavi ya ng'ombe, na kila moja niliiachia tundu ukutani karibu na moto. Hilo sikufundishwa shuleni. Shule niliipita mlangoni tu.

Basi kijana wangu alipojenga ya mawe hapa Kitengela, nilitoka Kajiado nikaenda kuiangalia. Watu wa kaunti walikuwa wamemwambia kila chumba kiwe na matundu ya hewa juu ya dirisha, ya kukaa wazi siku zote. Kwa plani yalikuwako. Kwa ukuta, fundi alikuwa amepiga plasta safi mpaka juu.

"Yeyo, hapa kuna vumbi ya malori na baridi ya Julai," kijana akaniambia; yeyo ni mama kwa Kimaasai. "Matundu ni gharama, halafu stima ya hita inatoka nje kupasha joto ng'ombe za jirani."

"Ng'ombe watashukuru. Na wewe utapumua nini?"

Akacheka. Nikarudi zangu Kajiado, maana nyumba ilikuwa ya mke wake, si yangu.

Mjukuu alizaliwa katika baridi hiyo hiyo, nikaja kukaa nao. Kila asubuhi vioo vilikuwa vinatiririka maji. Kona ya chumba ikaota weusi. Hita ilikula tokeni za stima na ukuta ukabaki baridi, kwa sababu chumba chenye unyevu hakishibi moto. Mtoto akaanza kukoroma kifuani.

Jioni moja tokeni zikaisha. Nikamwona mke wa kijana anabeba jiko la makaa, limeshika vizuri, analipeleka chumbani kwa mtoto.

"Weka chini."

"Yeyo, mtoto anaganda!"

"Makaa inaua bila moshi. Hewa yake mbaya itatokea wapi? Hii nyumba haina pua."

"Si nyinyi mlikuwa mnalala na moto ndani?"

"Tulikuwa na moto na tundu. Wewe uko na moto na plasta."

Akalia, akasema nitamuua mtoto na baridi. Nilitoa jiko nje mwenyewe. Nikamweka mtoto kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, shuka mbili juu, nikakaa hivyo mpaka kukapambazuka. Baba yake alisimama mlangoni. Asubuhi akaita fundi.

Kutoboa ukuta uliokwisha ni taabu kuliko kuujenga. Plasta ilimwagika mpaka kitandani, rangi ikarudiwa, na fundi akanung'unika kana kwamba mimi ndiye niliyesahau. Kijana akalipia ukuta ule ule mara ya pili. Sikumpa pole.

Baridi inaingia sasa, sidanganyi. Vumbi pia, napangusa. Lakini vioo vimekauka, na hita ikiwashwa kidogo jioni inatosha. Jiko linakaa nje. Na mke wa kijana, kabla hajamlaza mtoto, anapanda kwa stuli na kuinua kiganja kwa tundu, ahisi kama hewa inapita.