Ng'ombe Arobaini na Mmoja kwa Megabaiti Mia na Hamsini

Gemu langu la kwanza lilikuwa na uzito wa gigabaiti mbili nukta tisa, na simu ya baba ilikuwa imebaki na nafasi ya megabaiti mia tatu. Hizo mia tatu zenyewe nilizipigania. Alikubali kufuta picha za harusi za watu ambao hata hawakumbuki, lakini kuhusu video za kwaya alikataa katakata.

Gemu lenyewe halina mambo mengi. Una ng'ombe arobaini na mmoja. Unawatoa zizini asubuhi, unawapeleka ziwani kunywa maji, unawarudisha wote kabla jua halijazama. Ila si ng'ombe wa kubuni. Ni ng'ombe wa baba yangu, kule Ilongero, aliowauza baada ya kuumia nyonga na kushindwa kutembea na mifugo. Siku lori lilipowachukua wale wa mwisho nilimwahidi, kwa kiherehere changu, kwamba nitamrudishia wote ndani ya simu. Alicheka. Mimi sikuwa natania. Kwa miaka miwili, kila nikitoka kazini nilijifungia chumbani kwangu Mandewa, mjini Singida, nikachora.

Nilipolipakia mtandaoni mara ya kwanza nilirukaruka mpaka mpangaji mwenzangu akaja kuuliza kama nimeona nyoka. Kupakia kulichukua siku mbili na sehemu ya tatu. Halafu maoni yakaanza kuingia. Mmoja aliuliza kama hili ni gemu au ni njama ya kumaliza bando lake. Rafiki yangu wa Ikungi, ambaye naye anatengeneza magemu na ndiye aliyenifundisha nusu ya ninachojua, alifika asilimia thelathini na moja, simu ikamwambia imejaa.

Baba ndiye aliyeniumiza. Alijikongoja na fimbo yake hadi kwenye kichuguu nyuma ya nyumba, mahali pekee pale kwetu ambapo mtandao unashika vizuri, akakaa hapo asubuhi nzima. Saa sita akanipigia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mama, ng'ombe wako wamegoma kupanda gari."

Alisema kwa utani, lakini nilisikia alivyochoka. Nilijionea aibu, kisha nikakasirika. Niliikasirikia nafsi yangu, nikawakasirikia na wale wanaotengeneza magemu ya gigabaiti sabini kana kwamba kila mtu duniani amekaa juu ya mnara wa simu. Nao waje basi, wakae juu ya kile kichuguu wakiwa na nyonga mbovu.

Nilifungua folda ya gemu, nikapanga mafaili kuanzia zito hadi jepesi. Kwanza nilikuta upepo. Nilikuwa nimerekodi upepo wa Singida kwa dakika arobaini, bila kuubana upungue uzito hata kidogo, kwa sababu niliupenda. Nikabakiza sekunde ishirini, nikazifanya zijirudie. Hakuna aliyewahi kugundua, na ninyi msingegundua. Muziki nao nikaubana. Nikafika mbili nukta tatu.

Gigabaiti zilizobaki karibu zote zilikuwa ng'ombe. Nilikuwa nimemchora kila mmoja peke yake, kwa picha kubwa kabisa, kutoka pande nane: akitembea, akinywa, akilala. Arobaini na moja mara vyote hivyo. Nilimtumia rafiki yangu ile orodha, akanipigia akicheka mpaka akakohoa.

"Dada, ng'ombe ni ng'ombe tu! Chora mmoja, mrudie mara arobaini. Nani atajua?"

"Baba atajua."

"Unatengenezea dunia au unamtengenezea baba?"

Nikamkatia simu. Baadaye nilimwomba msamaha, lakini siku hiyo nilimkatia. Ukikulia kwenye nyumba yenye mifugo, huwezi kuchora ng'ombe mmoja ukamwita arobaini. Kwetu kila ng'ombe ana jina lake kwa Kinyaturu, na jina linatokana na rangi na mabaka yake. Ni sawa na kuniambia nichore ndugu zangu wote kwa sura moja.

Basi nikawa nampigia baba ili nijue nimkate nani picha ya kulala, nani asiye na haja ya kuonekana kwa nyuma. Alikuwa ananieleza mmojammoja. Huyu ana baka jeupe limeshuka begani mpaka gotini. Yule ana mstari mgongoni na pembe moja imeinama. Nilikuwa naandika haraka haraka, mara nikaacha. Katika simulizi zake zote baba hakuwa amesema hata mara moja kwamba ng'ombe fulani ana miguu minne, tumbo na mkia. Alikuwa anataja tofauti tu.

Nilipiga yowe, baba akadhani nimeungua.

Mwili mmoja! Mwili mmoja wa ng'ombe unaotembea, kunywa na kulala, aina nne za pembe, na juu yake ngozi arobaini na moja nyepesi. Simu ya mchezaji ndiyo ingewavalisha. Nilifanya kazi kama mwendawazimu kwa wiki tatu, na kila jioni namba ilishuka. Gigabaiti moja. Megabaiti mia sita. Mia tatu na arobaini. Nilikuwa nazitangaza kwa sauti chumbani peke yangu, kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani wa mtoto wake. Ikaishia mia na sitini na moja.

Tatizo ni kwamba faili la gemu hushuka likiwa limefungwa, kisha hufunguliwa humohumo kwenye simu, hivyo linadai nafasi karibu mara mbili. Kwa mia tatu za baba, nilitakiwa nishuke chini ya mia na hamsini. Na kulikuwa na ng'ombe mmoja aliyekuwa anakula megabaiti kumi na mbili peke yake: jike mzee mweupe mwenye madoadoa madogo meusi mwili mzima. Kila nilipoibana ngozi yake, madoa yaliyeyuka yakawa uji.

Hapa ndipo nilipofanya ujanja. Nilimtoa. Mahali pake nilimrudia mwekundu mmoja aliyekuwamo tayari, ili idadi ibaki arobaini na mmoja. Mia na arobaini na tisa! Nikapakia.

Safari hii baba alikaa kwenye kichuguu chini ya saa moja. Aliponipigia alikuwa anaongea kwa sauti ya juu, kwa furaha, anawataja majina mmoja baada ya mwingine, na mimi nilikuwa natembea huku na huko chumbani nikicheka na machozi yananitoka. Halafu akaanza kuwahesabu upya.

"Mama, huyu mwekundu wamekuwa wawili."

Nikaacha kutembea.

"Na yule wa madoadoa hajaja. Mmemwacha njiani?"

Nilimweleza kuhusu megabaiti. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu ileile anayomsikilizia bwana mifugo.

"Hao wengine wote ni uzao wake," akasema. "Nilianza na yeye."

Niliketi sakafuni. Nilikuwa nimemtoa mama yao, nikadhani idadi inatosha.

"Baba, madoa yake unayakumbuka?"

"Unaniuliza nini wewe? Chukua kalamu."

Akaanza begani. Moja kubwa kama kiganja, chini yake mawili yanafuatana, nyuma ya sikio dogo moja ambalo huonekana akiinamisha kichwa tu. Hakusita hata mara moja. Mimi nilichora doa jeusi moja tu, na kila alipotaja mahali, niliandika namba za mahali hapo: hapa, kwa ukubwa huu. Tulifika mkiani yakiwa mia na kumi na nne. Picha ya ngozi nzima haikuhitajika tena; simu ingelirudia doa lile kila mahali palipoandikwa. Orodha ile ya namba ilikuwa na kilobaiti tatu. Yule aliyekuwa mzito kuliko wote sasa alikuwa mwepesi kuliko pembe ya mtoto wake!

Kwa kuwa nilikuwa nimetenga ngozi za ng'ombe kwenye mafaili yao, apdeti ilimbeba yeye tu, akachukua nafasi ya yule mwekundu wa pili. Nilimwambia baba aende kwenye kichuguu. Akasema hana haja ya kwenda, ng'ombe ameshaingia, yuko hapa, na nikamsikia akimwita jina lake kwa Kinyaturu, taratibu, mara mbili.

"Baba, yuko sawa?"

"Nitakupigia baadaye, mama," akasema. "Nawapeleka maji kwanza."