Mti wa Miko

Watu wakinisifia kwamba namheshimu baba yangu, nanyamaza tu. Wangejua! Heshima hiyohiyo ndiyo iliyoliua bonde zima kule Pugu, na aliyeshika kalamu ni mie.

Mwenye eneo lile alikuwa anakata viwanja vya kuuza. Alikuwa na mabonde mawili ya msitu, nje kabisa ya hifadhi, akakubali kuliacha moja: litakalokutwa na aina nyingi zaidi za miti. Mie ndio kwanza nimemaliza chuo, nikapata kibarua kwenye timu ya kuhesabu. Tulikuwa tunazungushia kamba mraba, hatua ishirini kila upande. Kila mti uliomo ndani tunaupima unene usawa wa kifua, unatajwa jina, naandika. Wenye utata tunaukata kitawi, tunakibana ndani ya gazeti, kinapelekwa kwa wataalamu wa mimea. Upupu na siafu, siku nzima, wiki mpaka wiki.

Mtaja majina alikuwa baba. Nilimleta mwenyewe kutoka Mtoni, anakochonga vinyago tangu alipokuja mjini kutoka kusini. Miti anaijua, lakini anaijua kwa kazi yake: huu wa mipini, huu wa vinyago, huu wa miko. Mkuu wa timu alikuwa anayaoanisha majina hayo na ya kwenye vitabu. Macho ya baba yalikuwa yameshaanza kumtupa, kwa hiyo majani hakuhangaika nayo. Anaweka kiganja kwenye gome, anapapasa, anataja. Pale wakampa jina la mtaalamu. Mzee ambaye wateja wanabishana naye hadi anakubali nusu ya bei, leo anaitwa mtaalamu! Akawa anapiga pasi shati la kuendea porini. Mama alimcheka sana.

Bonde la mashariki tulilimaliza salama. Tulipokuwa kwenye la magharibi, baba akashika mti mmoja mwembamba, gome la kijivu, akasema, "Wa miko." Nikaandika. Hatua chache mbele akashika mwingine, gome lilelile. "Na huu wa miko."

Nikatazama juu. Ule wa kwanza majani yake yalikaa mawili mawili, yanatazamana. Huu yalipishana, moja huku, moja kule. Nikavunja kitawi, kikatoa utomvu mweupe kama maziwa. Nikarudi kwenye ule wa kwanza, nikachuma jani. Kavu. Hayo ni mambo ya mwaka wa kwanza chuoni, jamani. Hata kipofu wa elimu angejua kwamba hiyo ni miti miwili.

Mkuu wa timu naye akaingiwa na wasiwasi. "Mzee, una uhakika ni uleule?"

Vijana wawili wa timu wakatazamana. Hao kila asubuhi "shikamoo mzee", akigeuka wanaigiza anavyopapasa magome. Niliwachukia, mpaka leo nawachukia. Baba akajinyoosha ndani ya shati lake. "Mie miti hii nimezaliwa nayo," akasema. Kisha akanigeukia mbele ya wote. "Mama, si ndiyo?"

Ananiitaga mama, kwa kuwa nimechukua jina la mama yake. Ningemwambia nini? Kwetu mtoto hamsahihishi mzazi mbele za watu, tena mbele ya wacheka-cheka wale. Kitawi nilikuwa nacho mkononi. Nilitakiwa nikibane kwenye gazeti tu, basi, wala nisingehitaji kufungua mdomo. Lakini wangeniona nikikibana, wangejua namkatalia.

"Ndiyo, baba," nikasema. Nikaandika aina moja, kitawi nikakidondosha nyuma yangu.

Hesabu ilipotoka, mabonde yakawa yamefungana, aina sawa kwa sawa. Mwenye eneo akachagua mwenyewe: libaki la mashariki, maana la magharibi liko karibu na barabara, viwanja vyake vina bei. Ule wa maziwa tulikuwa tumeukuta magharibi tu. Tangu siku ile sijauona tena mahali popote, na nimeutafuta.

Katapila likafanya kazi yake. Baba akasikia magogo yanatupwa ovyo, akataka twende akaombe ya kuchongea miko. Tukakuta udongo mwekundu, vigingi vya viwanja, na visiki vilivyong'olewa, mizizi juu. Baba akachuchumaa, akachonga kwa panga kisiki kimoja chenye gome la kijivu. Mbao nyeupe. Akachonga cha pili, gome lilelile. Njano, njano ya bizari. Akakisogeza usoni, akanusa, akarudi kwa cha kwanza, akakipapasa kwa dole gumba. Alikwenda na kurudi hivyo mara nyingi. Nilitamani ardhi inimeze.

"Mama," akasema, "hii ni miti miwili."

"Ndiyo, baba."

"Siku ile ulijua?"

"Nilijua."

Akalifuta panga kwenye suruali taratibu, upande huu, kisha upande huu. Nilingoja anifokee. Angenifokea ningepona.

"Ungesema tu, mwanangu," akasema. "Mie ningeaibika siku moja."