Mbayuwayu Aliyevaa Pete

Wenzangu tuliokulia kwenye tembe za huku Msalato, wakati wa Mdachi, mnakumbuka tulivyomwogopa kila mtu aliyevaa viatu. Tulicheza vumbini mchana kutwa, tukala ugali wa uwele kwa mlenda, lakini sauti ya tarumbeta ya askari wake ikisikika, tulikuwa tumeshajibanza nyuma ya vilindo vya nafaka. Mdachi alihesabu nyumba, akahesabu wanaume. Mama alituonya: "Mkiulizwa mko wangapi, semeni hamjui."

Kiangazi kilipoelekea kwisha na mawingu ya kwanza kuonekana, mbayuwayu walikuja. Tulitega ulimbo karibu na kisima, tukawachoma kwenye makaa. Harufu yake naisikia mpaka leo.

Siku moja aliyekwenda kuwabandua ni Nyemo, mke wa baba mdogo, aliyeolewa kwetu mwaka huohuo kutoka Kilimatinde, penye boma la Mdachi. Alirudi ameshika ndege mmoja. Mguuni ndege alivaa pete ya bati, nyembamba, imechorwa maandishi.

Babu alimtazama ndege, kisha akamtazama Nyemo. "Huyu ametumwa kutuchunguza. Na wewe umetoka kwenye boma. Nani amekutuma?"

"Baba, nimemkuta amenasa, basi."

Hakuna aliyemwamini. Wengine walitaka ndege achomwe moto. Wengine walisema akifa tu, Mdachi atajua. Wanawake waliacha kuteka maji pamoja na Nyemo. Mwishowe babu akaamua: ndege akabidhiwe askari, na Nyemo arudishwe kwao. Nilimwona akikunja kaniki zake, halii.

Askari alipofika, babu alimpelekea kikapu. "Mali ya Serikali hii, bwana. Sisi hatujaigusa."

Askari alichungulia, akaiona pete, akaruka nyuma. "Nani kakwambia unipe mimi? Mnanitega nichapwe viboko? Mimi sijaona kitu!" Akaondoka mbio, hata kuku wa kutupora akawasahau.

Nyemo ndiye aliyeanza kucheka. Akafungua kikapu mwenyewe, mbayuwayu akapaa. Babu hakuomba radhi, lakini jioni ile kibuyu cha maziwa alimpa yeye kwanza, kabla ya wanawe. Hakuna aliyetaja tena habari ya kumrudisha.

Nilipokwisha kuzeeka, mwalimu mmoja alinieleza kwamba Wazungu huwavika ndege pete huko kwao kabla baridi haijaanza, wapate kujua ndege hao wanakokwenda.

"Kujua tu?"

"Ndiyo, bibi. Kujua tu."

Sikuridhika.

Wajukuu zangu wananicheka. Wao mgeni akipiga hodi na karatasi, wanamtajia ukoo mzima kabla hajaketi. Sisi tulikuwa waoga, sikatai. Lakini enzi zile ndege mmoja mgeni alikifanya kijiji kizima kisilale. Sasa mbayuwayu wanapita makundi kwa makundi juu ya mapaa ya mabati, na mimi peke yangu ndiye ninayeinua uso kuwatazama miguu.